Mmoja ananificha, mwingine namwamkia shikamoo: nitawasimamiaje?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mwanasaikolojia, niko Kigoma mjini, mwaka wa nne kazini. Mwezi wa pili nililetewa wanafunzi wawili wa fildi niwasimamie, hakuna aliyenifundisha kusimamia mtu, niliambiwa tu we ndo mwanasaikolojia hapa, kaa nao. Wa kwanza ni binti, ripoti zake safi mno, kila wiki "mteja anaendelea vizuri", juzi napitia rejista nakuta mteja wake mmoja, mvuvi wa Kibirizi, hajaonekana wiki tatu na binti hajasema kitu. Wa pili ni baba wa miaka 50 na ushee, alikuwa mwalimu wa sekondari akarudi chuo, namwamkia kila asubuhi, afu akikosea kwa mteja nashindwa hata kufungua mdomo. Msimamizi anatakiwa awe na ujuzi gani hasa? Au nirudi kusoma?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimebadilisha vitu viwili vitatu kwenye swali lako ili hao watu wako wasijijue, naona uliandika usiku ukiwa na hasira kidogo maana majina uliyaweka yote. Siku ingine usifanye hivo, hata ukiniandikia mimi.

Hilo la kurudi kusoma liache kwanza. Ila ujue kazi uliyopewa sio ile unayoifahamu. Kukaa na mteja ni kazi moja, kukaa na mtu anayekaa na mteja ni kazi ingine kabisa, na hata huko kwa wenzetu walichelewa sana kulikubali hilo. Kule Berlin watu wa saikoanalisisi, ile tiba ya mazungumzo ya kina Freud, walifungua kliniki yao 1920, na miaka ileile ndo ikaanza kuwa utaratibu kwamba anayejifunza lazima kesi zake zipitiwe na mkubwa wake, lakini Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilikuja kupitisha mwongozo wake wa usimamizi wa kliniki 2014, unaosema kabisa kusimamia ni ujuzi unaojitegemea, unafundishwa na unapimwa. Hesabu mwenyewe miaka mingapi hapo watu walikuwa wanakabidhiwa wanafunzi kama ulivyokabidhiwa wewe. Mwongozo ule una maeneo saba: ujuzi wa msimamizi mwenyewe, tofauti za watu, uhusiano wenu, mwenendo wa kitaaluma, tathmini na mrejesho, mwanafunzi ambaye hafikii kiwango, na mambo ya sheria na maadili. Australia wamekaza zaidi, bodi yao haikupi ruhusa ya kusimamia mpaka upite mafunzo ya sehemu tatu, unasoma, unafanya mazoezi ya ana kwa ana, afu unapimwa kwa kazi yako ya usimamizi yenyewe, na hiyo ruhusa kila baada ya miaka mitano unarudi darasani kunoa.

Wewe umepewa watu wawili na kiti cha plastiki. Usijione mjinga.

Sasa sitapita hayo saba moja moja, yatakuchosha na mi mwenyewe yananichosha. Nitakaa kwenye kitu ambacho swali lako lote linakizunguka hata kama hukukitaja, nacho ni hiki: je, wanafunzi wako wanakuambia ukweli? Maana mengine yote, tathmini, maadili, usalama wa mteja, yanasimama juu ya hapo, kama huambiwi basi unasimamia karatasi.

Tuanze na binti. Kwanza mtoe kwenye kundi la waongo. Mwaka 1996 Nicholas Ladany na wenzake huko Marekani waliwauliza wanafunzi wa tiba ya kisaikolojia kama kuna kitu wamewahi kuwaficha wasimamizi wao, na karibu wote wakasema kipo, na kilichofichwa zaidi hakikuwa makosa ya kazi, zilikuwa hisia mbaya juu ya msimamizi mwenyewe. Makosa yalikuwemo pia, na mambo binafsi, na yale mtu anayoyahisi kwa mteja akaona aibu kuyataja, amechukia, amevutiwa, ameogopa. Na fikiria nafasi yake: wewe ndo utakayejaza ile fomu ya chuo, we ndo utakayesema amefaulu au hajafaulu, afu hapohapo unamwambia njoo unieleze udhaifu wako. Nani angefanya hivo kirahisi, mi nisingefanya, na sikufanya enzi zangu, niliandika "mteja anaendelea vizuri" mpaka kalamu ikaisha wino.

Nikusimulie la kwangu kama msimamizi, silipendi lakini linakuhusu. Zamani kidogo nilikuwa na intani, binti mtaratibu hivi, kituo nakiacha. Kila mteja mpya tulikuwa tunampa ile PHQ-9, fomu ya kupima sonona, maswali tisa, jumla inaanzia 0 mpaka 27. Akaniletea fomu ya mama mmoja, jumla 8, yaani iko chini ya ile 10 ambayo wengi tunaanza kushtuka. Mimi nilikuwa nawahi gari, nikaangalia jumla, nikasema hii nyepesi, endelea naye. Yule binti akasimama pale mlangoni kidogo, nikamuuliza kuna lingine, akasema hapana. Kumbe kwenye ile nane, swali la tisa, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, yule mama alikuwa ameweka 2. Siku nne baadaye dada yake alimkuta akiwa na vidonge mkononi, akamleta, mungu saidia yuko hai mpaka leo. Nilipomkalisha yule binti nikamuuliza kwa nini hukuniambia, alisema kitu ambacho bado nakikumbuka, alisema "wiki iliyopita nilikuuliza swali ukaangalia saa." Basi. Niliangalia saa mara moja tu.

Kwa hiyo ukiniuliza ujuzi wa kwanza wa msimamizi nitakwambia ni kuambiwika, kama neno halipo basi nimelitunga. Na kuambiwika hakuji kwa kusema "niambie chochote, mlango wangu uko wazi", kila bosi anasema hivo. Kunajengwa hivi:

Kikao cha kwanza kabisa, kabla ya kesi yoyote, mnaongea makubaliano na mnayaandika. Saa nzima kila wiki, siku moja isiyobadilika, simu ziko kimya. Anakuletea nini, atapimwa kwa vigezo gani, na vigezo mnavisoma pamoja hiyo siku ya kwanza sio wiki ya mwisho. Mambo gani lazima akuambie palepale bila kusubiri kikao: dalili ya mtu kutaka kujiua, mtoto anayeumizwa, mteja aliyetoweka, mteja anayemtisha. Na hiki wengi wanakisahau, akikuambia kosa utalifanya nini. Mwambie waziwazi, kosa ulilolileta mwenyewe tutalifanyia kazi na nitaandika kwamba ulilileta mwenyewe, kosa nililoliokota mimi ni habari ingine. Afu ushike neno lako. Siku atakayokuletea la kwanza ukamfokea, usitegemee la pili.

Badilisha na maswali. Ukimuuliza "mteja anaendeleaje" atakwambia anaendelea vizuri, swali lenyewe ni salamu, na sisi Waswahili salamu tunajibu nzuri hata kama nyumba inaungua. Muulize "kesi gani leo hukutaka kuileta?", "wapi kwenye kile kikao ulitamani ungekuwa mahali pengine?", "nani hajaja wiki hii?" Na wewe uanze kutoa lako, mwambie nami mwezi uliopita nilimkatiza mteja vibaya. Usizidishe lakini, akianza kukufariji wewe ujue umepitiliza.

Ila maswali peke yake hayatoshi maana mtu hata akiwa mkweli hawezi kukuambia asichokiona. Lazima uone kazi yenyewe. Kaa naye chumbani mara moja moja, mteja akiwa ameombwa na amekubali, na aambiwe bila kuzungushwa kwamba huyu bado anajifunza na mi namsimamia, ni haki yake kujua. Au mrekodi sauti kama mteja ameridhia kwa maandishi, mnasikiliza wote na yeye ndo mwenye kusimamisha, anakwambia hapa nilikuwa nawaza nini, mbinu hiyo aliianzisha Norman Kagan kule Marekani miaka ya 60 na bado inafanya kazi kwa simu ya kawaida tu. Lakini angalia mahali. Kwa watu waliokimbia vita, kama wale wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kuna ambao kurekodiwa sauti na mtu wa ofisi kunawarudisha kwenye mahojiano waliyopita huko walikotoka, usiwaombe hata, cheza maigizo na mwanafunzi wako badala yake, wewe uwe mteja. Na rekodi zisikae kwenye simu yake binafsi, zisitumwe WhatsApp, mkishasikiliza zinafutwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti, siku zikivuja utaitwa wewe.

Lugha nayo. Hukusema wewe kwenu wapi lakini uandishi wako ni wa pwani, na hao wanafunzi wako nahisi na wateja wengine wanaongea Kiha, na Kirundi nacho wanasikilizana. Maana yake kuna vikao vinafanyika wewe hujui kilichosemwa, unapewa Kiswahili kilichopikwa. Mteja amesema kitu kirefu, mwanafunzi anaandika "ana huzuni". Mwambie akuletee neno lenyewe alilotumia mteja, kwa lugha yake, afu mlichambue: anasema moyo, anasema kichwa, anasema mawazo mengi, anasema karogwa? Hapo we ndo unakuwa mwanafunzi wake kwa dakika kumi na haikupunguzii kitu. Ndo hiyo wanayoiita kuzingatia tofauti za watu kwenye miongozo, wanaiandika kwa maneno makubwa lakini kazi yenyewe ni hii.

Tuje kwa baba mwalimu. Hapa nimecheka kidogo nisamehe, maana Kigoma nzima na Tabora nzima huwezi kukwepa hili, unamsimamia mtu ambaye ukikutana naye sokoni unapaswa kumpokea kikapu.

Shikamoo usiiache. Kuna vijana wanadhani wakishakuwa wasimamizi waanze kusema "habari za asubuhi" ili waonekane wakubwa, hiyo ni kumdhalilisha mzee na haikuongezei mamlaka hata kidogo. Ila mkae mliongee hilo jambo lenyewe, mara moja, kwa adabu. Mi ningesema hivi: "Mwalimu, nyumbani wewe ni baba yangu na itabaki hivo. Hapa mbele ya mteja dhamana iko kwangu, akiumia naulizwa mimi. Naomba ruhusa yako nikuambie ninachokiona, na wewe unisaidie nisikuambie vibaya." Mtu mzima ukimwomba ruhusa namna hiyo hakunyimi, na akishakupa umepata pa kusimama. Kuhusu mahali, kamwe usimkosoe mbele ya yule binti wala mbele ya mteja, hata kwa utani. Mfanyie kikao chake peke yake.

Afu kuna kitu umekiandika bila kukiona. Umesema kosa lake kubwa ni kwamba anahubiri, mteja akianza kuongea yeye anamalizia na mawaidha, mteja ananyamaza. (Ulieleza kwenye ile aya ndefu niliyoikata.) Na wewe ukikaa naye unafanyaje? Unanyamaza! Yaani kinachotokea chumbani kwake na mteja kimehamia chumbani kwenu, umekaa kwenye kiti cha mteja wake. Harold Searles aliliandika hili tangu 1955, kwamba uhusiano wa mteja na mtibabu wake unajirudia kati ya mtibabu na msimamizi, na ukiwa makini hisia zako wewe msimamizi zinakupa habari za kesi. Hivyo huko kushindwa kufungua mdomo sio woga wako tu, ni taarifa. Itumie. Mwambie, "Mwalimu, juzi tulipokuwa tunaongea nilijikuta nimekosa pa kuingilia, nikajiuliza hivi na yule mteja wako naye alijisikiaje?" Hapo hujamkosoa, umemletea dirisha. Kama hataliona mara ya kwanza, lete tena na mfano wa maneno yake halisi, dakika ya ngapi, mteja alikuwa anasema nini alipokatizwa. Mrejesho wa "unaongea sana" mtu anaubishia, mrejesho wa "alisema mwanangu alipokufa, ukasema kila nafsi itaonja mauti, akaangalia chini" hauna pa kubishia.

Janine Bernard mwaka 1979 alisema msimamizi ana kofia tatu, ya mwalimu, ya mshauri nasaha, na ya mtaalamu mwenzako, na ujuzi ni kujua saa gani uvae ipi. Kwa huyu baba anza na kofia ya mwenzako, muulize yeye anaonaje, ana miaka 25 ya kusoma sura za wanafunzi darasani, hiyo ni mali. Ya mwalimu uivae pale tu usalama wa mteja unapoguswa, na hapo uivae bila kuomba radhi. Ya ushauri nasaha ndo ya hatari. Mwanafunzi analia kwenye kikao kwa sababu kesi imemgusa kwenye msiba wake, unamsikiliza, ndio, unauliza hilo linaingiaje kwenye kazi yake na yule mteja, kisha kama ni kubwa unamtafutia mtu mwingine wa kumtibu. Usimtibu wewe. Huwezi kumtibu mtu ambaye utampa maksi, atakuwa anafikiria maksi na wewe utakuwa unajua mambo ambayo hukupaswa kuyajua wakati unajaza fomu.

Na fomu yenyewe, ijaze kwa ukweli. Hili linatushinda wengi maana tunaoneana huruma, mtu amesafiri kwa treni kutoka mbali, ada imelipwa kwa tumbaku ya Urambo, wazazi wanasubiri, basi unaweka "vizuri" kote. Nimewahi kufanya na najuta. Dawa ni kufanya tathmini ya katikati, kwa maandishi, wiki zikiwa bado zipo: hiki umefikia, hiki bado, mpaka tarehe fulani nataka nione hivi na hivi, na mimi nitakusaidia kwa namna hii. Jambo baya lisimfikie mtu kwa mara ya kwanza siku ya mwisho. Ikifika mwisho bado hajafikia, chuo wajulishwe mapema na uandike, kwa sababu kule mbele kuna mtu ataingia chumbani kwake na hatakuwa na wewe wa kumlinda.

Sheria nitagusa moja tu ambayo inawachanganya wanafunzi. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Wanafunzi wakishalijua hili wengine wanaogopa hata kuuliza swali la tisa, wengine wanaogopa kuandika kwenye faili, na mteja naye anaogopa kusema. Kaa nao uwaeleze kabla halijatokea, kwamba kuuliza kuhusu kujiua hakumpandikizii mtu wazo, kwamba kazi yetu ni usalama wa mtu, nani anapigiwa simu, mteja anakaa na nani usiku huo, dawa na kamba na sumu ya panya vinaondolewa na nani. Wafanye kwa maigizo mara tatu nne mpaka maneno yatoke bila kutetemeka. Ukisubiri siku ya tukio umechelewa.

Na wewe unasimamiwa na nani? Hukusema. Tafuta mtu, hata kama yuko Dodoma au Dar na mnaongea kwa simu mara moja kwa mwezi, kazi yake sio kukusaidia kesi zako, ni kukusaidia usimamizi wako, unamweleza kikao chako na baba mwalimu kilivyokwenda anakuuliza kwa nini ulinyamaza. Kama huna kabisa mi nipo, jumamosi asubuhi, umeme wa huku Tabora ukiruhusu.

Nimalizie na mvuvi, huyo usimwache mpaka kikao kijacho. Angalia kalenda ya mwezi. Wavuvi wa dagaa wanatoka na taa usiku wakati wa giza, mbalamwezi ikiwa kamili ndo wanapumzika, kwa hiyo mtu wa Kibirizi akipotea wiki tatu inawezekana kabisa yuko ziwani anatafuta ada ya watoto, na binti yako amekaa na aibu anadhani kamkimbiza yeye. Inawezekana pia sio hivo. Kwa hiyo leo, sio kesho, mtoe faili mkiwa wawili, mwangalie alivyojibu mara ya mwisho hasa swali la tisa, afu binti ampigie simu mwenyewe wewe ukiwa umekaa pembeni. Usimnyang'anye hiyo simu hata akikosea. Kama haipatikani, mtafuteni kupitia yule ndugu aliyeandikwa kwenye faili, na asije akashuka mwaloni kumuulizia kwa jina mbele ya wenzake. Akipatikana, mpangieni siku zake kufuata mwezi, sio kufuata Jumanne.